Nilichanganya udongo wa mfinyanzi na dawa ya kulainishia nguo, bwawa la mama mkubwa likavuja kimya kimya

Wakuu, habari za mchana. Haya ni yangu mwenyewe, sipunguzi wala siongezi.

Kosa langu nalitaja mapema: nilipima kitu kimoja nikaridhika, wakati kazi ilihitaji kipimo kingine.

Mama mkubwa analima mboga kwenye matuta huko milimani Uluguru. Alitaka bwawa dogo la kumwagilia, juu ya shamba. Udongo wa pale ni mfinyanzi. Kiangazi unapasuka, masika unavimba.

Mimi sijasoma uhandisi. Nilijifunza kwenye simu, chumba cha kupanga Mzumbe. Nikasoma kuwa kuna kemikali za kaboni ambazo zikishika chembe za mfinyanzi, zinaufanya uyakatae maji. Aina hiyo imo hata kwenye dawa ya kulainishia nguo.

Nikachanganya dawa hiyo na udongo, nikafinyanga vipande, nikakausha, nikapima nyufa kwa rula. Nilirudia mpaka namba za rula zikafutika (ndivyo nilivyo, siwezi kuacha).

Hakuna kilichopasuka. Tone la maji lilibingirika juu yake kama kwenye jani la gimbi. Nikaona nimeshinda.

Mama mkubwa, ambaye zamani alikuwa anafinyanga vyungu, akabonyeza kipande kimoja.

"Huu hauvimbi?"

"Hauvimbi kabisa, mama."

"Sasa utaziba na nini, injinia wa bando?"

Tukacheka. Nikaendelea kukanda udongo.

Tukatandika udongo ule kwenye bwawa, tukajaza maji. Kila asubuhi maji yalikuwa yamepungua kidogo. Nikasema ni jua.

Kumbe mfinyanzi huziba kwa kule kuvimba kwake. Nilikuwa nimeunyang'anya kazi yake. Chembe zilishikana mafungu mafungu, zikaacha vinjia katikati. Tone moja litabingirika, ila maji ya kufika kiunoni yanasukuma.

Wiki ya tatu ukingo uliolowa ukaporomoka na matuta manne. Mama mkubwa alikuwa chini yake, anachuma mchicha. Udongo ulimponda mguu, hospitali wakaukata chini ya goti.

Hajawahi kunilaumu. Nikifika anasema tu, "Kaa ule." Bora angenitukana.

Nilichojifunza: kabla ya kubadili udongo, jiulize ile tabia unayoichukia inafanya kazi gani. Mwenye kujua zaidi anikosoe hapa chini, bila huruma.

Siku hizi kila udongo naufinyanga bakuli, najaza maji, nasubiri wiki nzima. Nimehama Mzumbe. Matuta ya mama mkubwa nayalima mimi.