Kutikisa Pikipiki ya Umeme

Dereva wa bodaboda aliuza pikipiki ya petroli akanunua ya umeme, lakini mikono yake bado haijazoea. Kila anaporudi kutoka Mkuyuni, amechoshwa na vilima, huitikisa na kutega sikio, kama vile kuna mafuta ya kusikilizwa tangini. Kisha huguna na kuichomeka ukutani, kando ya friji ya mkewe Shakila. Leo mchana mita ya umeme ya Luku imeanza kulia.

"Baba watoto," Shakila akasema kwa upole, "yuniti zikiisha, barafu zangu za biashara zinayeyuka."

Zamani mafuta yalipomwishia mumewe, alikwama peke yake mlimani. Siku hizi anakwama na nyumba nzima. Akachomoa waya wa pikipiki. Kisha akaitikisa tena, akasikiliza.