Visanduku Viwili vya Besi

Wanamuziki walimwita Mama Waya, naye jina alilipenda. Baada ya miaka ishirini na miwili kwenye mitambo ya sauti ya ukumbi wa muziki, masikio yake yalisikia hata panya akipiga miayo. Waliombishia waliishia kuomba radhi.

Mchana huo kazi yake ilikuwa ndogo: kuchagua kisanduku cha kupitishia besi, kile kinachopokea sauti ya gitaa la besi na kuifikisha kwenye mitambo bila kuichafua. Binti yake, mpiga besi, alikuwa ajaribiwe na bendi; akiwapendeza, anaajiriwa. Visanduku vilikuwa viwili: kipya cha betri, na kizee cha chuma, kisicho na betri, alichokitumia marehemu mumewe mpaka wiki aliyofariki.

Mama Waya alikuwa na mtindo wake. Huchomeka waya, humwambia mpigaji aondoe mikono, kisha huvaa hedifoni na kusikiliza kimya. "Kelele kila mtu anaweza," husema. "Nyamaza nikujue."

Kipya kilinyamaza kabisa. Kizee, lo! Ndani yake alisikia dole gumba likigonga uzi. Mara tatu, taratibu, kama mumewe alivyoanza kila wimbo.

"Mwanangu, umegusa nyuzi?"

Binti alikuwa ameinua mikono yote miwili. "Sijagusa kitu, Mama. Kwani vipi?"

"Hebu piga," akasema, akifungua spika.

Binti akapiga, na Mama Waya akabana hedifoni masikioni. Sauti ilimfikia kabla kidole hakijagusa uzi. Kidogo tu, lakini kabla. Ilikuwa nzito, tamu, haina kosa. Ilikuwa ya mumewe hasa.

"Mama, napiga kama Baba! Nipe hiki, watanichukua tu."

Wangemchukua, hilo halina ubishi. Na Mungu ni shahidi, Mama Waya alitaka kukiacha palepale amsikilize yule bwana mpaka jioni. Miaka minne alikuwa amemkosa. Lakini alivitazama vidole vya binti yake. Vilikuwa vimeanza kuifuata sauti, vikienda mahali ambapo noti imeshalia.

Akachomoa waya wa gitaa. "Utatumia kipya."

"Mama! Nikikosea je?"

"Ukosee."

Na kweli, bendi ilipoanza, alikosea, ubeti wa pili, kosa la wazi ambalo baba yake asingelifanya hata usingizini. Akacheka mwenyewe, akajirekebisha, akaendelea kwa mtindo ambao Mama Waya alikuwa hajawahi kuusikia popote. Kiongozi wa bendi akageuka kumtazama, akatabasamu.

Kizee kilikuwa mezani, hakina gitaa. Waya wake wa mitambo tu ndio uliokuwa haujachomolewa. Taa za njia yake kwenye mitambo, zile zinazoonyesha sauti inayoingia, zikawaka mara tatu, taratibu.

Mama Waya akakiwekea kiganja. Chuma kilikuwa na joto.

"Nimekusikia, mume wangu," akanong'ona huku machozi yakimtiririka. "Mwache mtoto apige."

Akauchomoa ule waya kwa mkono wake mwenyewe.