Tulivyokwenda Mikumi Kumchukua Stefano

Sababu ya safari ilikuwa mdomo wangu. Nasema mapema ili msomaji asije akamlaumu dereva wa lori, wala watu wa Mikumi, ambao walitupokea vizuri kuliko tulivyostahili.

Miaka ile watu wengi wa wilaya yetu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, wakijenga na kulima kwa pamoja. Sisi wa Magomeni, hapa Kilosa mjini, kazi yetu ya pamoja ilikuwa kubishana. Kibaraza cha duka langu la ushonaji ndicho kilikuwa bunge la wapenzi wa timu ya Mkondoa. Msimu mpya ulikuwa unabisha hodi, na mshambuliaji wetu alikuwa amehamishwa kikazi kwenda Tanga. Kila jioni tulimtafuta wa kumrithi, kila mtu akiwa na wake mfukoni. Bakari kinyozi, rafiki yangu na adui yangu wa kudumu, alikuwa akisema mshambuliaji si muhimu, tutafute beki. Mimi nilikuwa nikimjibu kwamba timu isiyofunga magoli ni kikundi cha mazoezi ya viungo.

"Mihayo, wewe ni fundi wa suruali," Bakari akaniambia jioni moja. "Mpira umeujulia wapi?"

Watu wakacheka. Nikakasirika, na mimi nikikasirika huwa naahidi.

"Nitamleta Stefano wa Mikumi!" nikasema.

Watu wakasogea karibu. Stefano alikuwa kijana wa timu ya kijiji kimoja pale Mikumi, na msimu uliopita alitufunga mpaka mashabiki wetu wenyewe wakaanza kumpigia makofi. Bakari akauliza nisipomleta itakuwaje. Nikajibu kwamba nisipomleta nitakihama kibaraza, nikakae ng'ambo ya reli na wapenzi wa timu ya Stesheni, nife nikiwasikiliza wao. Kibaraza nilikijenga kwa mikono yangu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Usiku ule nililala vibaya. Kwa mtu kama mimi, kukaa na watu wa Stesheni bila haki ya kubisha ni sawa na kuzikwa na masikio yakiwa wazi.

Alfajiri ya Jumamosi tuliondoka wawili. Mwenzangu alikuwa Rajabu, golikipa wetu, kijana mrefu, mpole, mwenye mikono ya kudaka hata maneno. Nilimchagua kwa sababu alisoma darasa moja na Stefano, na pia kwa sababu alikuwa akilala dukani kwangu, hivyo kumwamsha ilikuwa rahisi. Alibeba begi kubwa kuliko la kwangu. Nilimtania kwamba anahama, naye akatabasamu tu.

Tulipata lori la ushirika lililokuwa linapeleka majembe na mbegu. Nyuma tulikaa juu ya magunia pamoja na abiria wengine, na kabla hatujavuka hata mashamba ya mkonge, nilikuwa nimeshawaeleza wote tunakokwenda. Ndipo mambo yakaharibika. Bwana mmoja mwenye kofia akasema Stefano ni mzuri lakini hana mguu wa kulia. Mwingine akasema mguu anao, hana kichwa. Mimi nikasema magoli aliyotufunga hayakuingia kwa maombi. Kelele zikawa nyingi hata dereva akasimamisha lori katikati ya pori, akashuka na kuzunguka nyuma. Tulidhani pancha.

"Huko mbele nasikia nusu nusu," akasema. "Nani kasema Stefano hana kichwa?"

Tulisimama pale hadi dereva alipomaliza hoja yake, na ilikuwa ndefu. Mama mmoja wa Kisanga, aliyekuwa amempakata jogoo, hakuwa amesema neno tangu Kilosa. Akatuuliza, "Na huyo kijana mwenyewe, mmemuuliza kama anataka?"

Tulimtazama kwa huruma. Mambo ya usajili ni mazito kwa mtu asiyeyajua. Tukaendelea.

Tulipita Ulaya, hii Ulaya yetu ya Kilosa ambayo haihitaji pasipoti, tukanunua mihogo ya kuchoma na kubishana na wauzaji pia.

Mikumi tuliingia jua likiwa limeanza kulegea. Kijiji cha Stefano kilikuwa nje kidogo ya mji, nyumba mpya zimepangwa kwa mistari, na shamba la ujamaa limetandaa nyuma yake. Tulikuta umati. Niliona sufuria kubwa juu ya mafiga, wanaume wamekaa kwenye mikeka, wanawake wanachambua mchele. Nikafurahi, nikidhani ni sherehe ya timu. Ilikuwa ni siku ya kuanua matanga. Bibi mmoja wa kijiji, aliyekula chumvi nyingi, alikuwa amefariki, na siku hiyo ndugu walikuwa wanamaliza msiba kwa chakula na dua.

Tulitoa pole. Nikamwamkia mwenyekiti wa kijiji, mzee mwembamba mwenye kaunda suti iliyompwaya, na jicho langu la fundi likaumia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mmekuja kwa msiba?"

Nikasema tumekuja kwa msiba, na kwa jambo jingine dogo. Aliposikia jambo lenyewe, akatikisa kichwa.

"Ndugu yangu Mihayo, Stefano ni nguvu kazi ya kijiji. Ana ekari zake za kupalilia. Mkimtaka, leteni hoja kwenye mkutano wa kijiji, baada ya mavuno."

Baada ya mavuno! Msimu ungekuwa umekwisha, nami ningekuwa nimezeeka ng'ambo ya reli. Stefano mwenyewe alikuwa anapasua kuni pale pembeni, akamsalimia Rajabu kwa kukumbatiana, nami akanisalimia kwa adabu. Sikupata hata nafasi ya kumvuta kando. Nikakaa kwenye mkeka nimenyong'onyea.

Chakula kilipoiva, akili ikanijia. Mimi ni Mnyamwezi. Babu yangu aliletwa Kilosa na kazi ya mkonge, na wenyeji wa pale kijijini wengi walikuwa Wasagara. Mnyamwezi na Msagara ni watani, tangu siku za wapagazi. Na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata serikali haina: anaweza kuzuia jambo lolote mpaka apewe anachotaka, na mfiwa haruhusiwi kununa. Nikavua viatu, nikaenda nikalala chali kati ya mafiga na mikeka, mikono kifuani kama maiti.

"Hakuna atakayekula!" nikapiga kelele. "Marehemu alikuwa mtani wangu. Alinidai nimzike, nikachelewa lori. Sasa nimekufa mimi. Nizikeni, au nipeni Stefano!"

Kicheko kikalipuka, hata wafiwa wenyewe wakafuta machozi ya aina nyingine. Wanawake wakanirushia majivu. Mmoja akasema Wanyamwezi hata wakifa hufa karibu na sufuria. Watoto wakalia njaa. Mwenyekiti akajaribu kuniruka na sinia la wali, nikamshika mguu wa suruali. Kumpwaya kwake kulinisaidia.

Mwisho akainua mikono. "Mchukue! Mchukue tule!"

Stefano akaulizwa pale pale kama anakubali. Akamtazama Rajabu, akasema anakubali. Nikaruka nikajipangusa majivu. Niseme kweli, sijawahi kujisikia mwenye akili namna ile. Nilikula wali wa msiba kama mfalme, huku nikitunga kichwani maneno nitakayomwambia Bakari.

Tulipomaliza kunawa, akasimama Bi Hawa, mpwa wa marehemu kwa upande fulani nisioufahamu, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Alikwenda moja kwa moja kwa Rajabu, akamvika kanga yake mpya shingoni, akamketisha kwenye kigoda.

"Na sisi tumechukua," akasema.

"Mmechukua nini, Mama?" nikauliza.

"Huyu. Wewe ndiye mtani peke yako? Umekuja na kitu kizuri msibani kwetu, tumekipenda. Kata shauri: ukubali, au unune tukucheke."

Watu wakashangilia kuliko walivyonishangilia mimi. Nikacheka pia, kwa kuwa mtani hanuni, nikingoja mchezo uishe. Haukuisha. Nikamfanyia Rajabu ishara ya macho kwamba ainuke. Hakuinuka.

"Rajabu, twende zetu bwana, utani umekolea."

"Kaka Mihayo," akasema polepole, "mimi nabaki."

Nikamvuta kando. Nilimwambia mambo mengi, ya timu, ya msimu, ya heshima ya Magomeni. Alinisikiliza kama anavyosubiri mpira wa kona.

"Misimu miwili nalala dukani kwako juu ya vipande vya vitambaa," akasema. "Mliniahidi kazi kiwandani, sijaiona. Kila jioni nawasikia dirishani mnanijadili, huyu mfupi wa kuruka, huyu auzwe, huyu abaki. Hamjawahi kuniita nje nikae nanyi. Hapa mama yangu mdogo ni Bi Hawa. Wamenipa shamba. Nyumba tunaijenga mwezi ujao."

Ndipo nikaelewa lile begi. Nikaelewa na kanga, maana hakuna mama anayevaa mpya vile kuchambulia mchele. Bi Hawa alikuwa ametusubiri.

Iliniuma. Sitaficha. Nilikuwa nampenda yule kijana, na nilidhani kumjadili kila siku ndiko kumpenda kwenyewe. Nilimpa mkono, nikamwambia akila vizuri asisahau kufanya mazoezi ya kuruka. Akacheka, akanikumbatia, nami nikageuka haraka kuangalia milima.

Jumapili asubuhi tulipanda treni ya kutoka Kidatu, mimi na Stefano. Reli ile inapita polepole, mtu anaweza kushuka akachuma embe akapanda tena. Karibu na Kilosa nikamuuliza kwa nini alikubali upesi vile.

"Mama yangu yuko Munisagara," akasema, "nitakuwa karibu naye. Lakini zaidi ni kwa sababu ya Rajabu. Sisi washambuliaji tunapenda kucheza mbele ya kipa kama yule. Hata ukikosa goli, roho inatulia."

Nikamtazama. Alikuwa anasema kweli, maskini. Jana yake alimwona Rajabu amekaa kwenye kigoda na kanga shingoni, akadhani ni utani tu, na kwamba kipa atafuata kwa treni nyingine. Nilimweleza. Kuanzia hapo hadi stesheni alitazama nje ya dirisha, nami nilitazama miguu yake, nikiomba isibadili mawazo. Haikubadili, kwa kuwa mama yake alikuwa anamngoja.

Magomeni tulifika kibaraza kikiwa kimejaa. Nilimtanguliza Stefano ili waone. Walishangilia, wakamwinua juu. Bakari alinipa mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo hajalirudia. Kisha akachungulia nyuma yangu.

"Rajabu yuko wapi?"

Mjadala wa jioni ile ulikuwa mkubwa kuliko yote niliyowahi kuisikia. Nusu walisema nimetimiza ahadi, nibaki. Nusu walisema mtu anayekwenda kuchukua mbuzi akamwacha ng'ombe hafai kukaa hata ng'ombe walipo. Nilijitetea kwamba utani ni kama msumeno, unakata kwenda na kurudi, na mtani hanuni. Bakari akasema sawa, hatununi. Akasimama, akavua kofia, akatoa hukumu, na kwa mara ya kwanza kibaraza kizima kilikubaliana naye: nisihame. Nikasimame golini mimi, mpaka kipa mwingine apatikane.

Ilipofika mechi ya kwanza, dhidi ya Stesheni, nilivaa jezi niliyomshonea Rajabu, nikaikunja mikono na kuipunguza kiunoni. Stefano alifunga goli zuri sana dakika za mwanzo. Katika safari ile nilijifunza kwamba mtu anayejadiliwa ana masikio, na kwamba masikio hayo ni mazito kuyabeba. Nilijifunza nikiwa kati ya milingoti, maana kibaraza chote kilikuwa kimehamia nyuma ya goli langu, wakinijadili kana kwamba mimi ni mlingoti wa tatu.

"Miguu yake mizito," mmoja akasema.

"Tatizo si miguu," Bakari akasema. "Tatizo Mihayo hajui kusimama. Anasimama kama anapimwa koti."

Nilivumilia. Nilivumilia sana. Lakini aliposema kwamba siku zote alijua tunahitaji beki, nikageuka kumjibu, na nilikuwa nimefika katikati ya hoja, nzuri kweli kweli, wakati mpira ulipopita karibu na sikio langu na kutulia wavuni.