Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Yohana

Mawese yakichemka, harufu yake inakaa kwenye nguo hata ufue kwa sabuni gani. Nikiisikia leo kwa jirani najikuta nimerudi Mwandiga, kwenye nyumba ya wageni ya bibi yangu mzaa baba. Watu walimwita Bi Zuhura. Alikuwa mtu wa Ujiji, akaolewa Mwandiga, mume akafa akamwachia nyumba ndefu ya udongo, vyumba vya kulaza abiria na baraza inayotazama barabara. Waliotoka ziwani kwenda kwao bara, upande wa Kasulu, walisubiri lori pale. Siku hizi mngeiita gesti, lakini gesti ina funguo. Kwa bibi mlango ulifungwa kwa kamba ya katani, na mwizi alikuwa anaona aibu. Mimi shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda inyosheni wenyewe, mimi naendelea.

Bibi alikuwa na sharti moja. Wageni wote waliokuwa barazani saa ya chakula walikula sinia moja: ugali, samaki wa ziwani, migebuka, waliopikwa kwa mawese, na katikati bonge la chumvi ya Uvinza, kila mtu anakwangua yake. Alisema mkono uliogusana na wako kwenye sinia hauwezi kukushikia panga njiani. Wahenga wamesema maji ya moto hayachomi nyumba, na kweli niliona watu wakifika wametukanana tangu Katonga, kule ufukweni kwa wavuvi, kwa ajili ya ng'ombe au mke, halafu wanaondoka wakigawana tumbaku. Ila masika ninayotaka kuisimulia haikuwa ya matusi. Matusi ni kitu cha walio hai, unayazoea. Mvua ilinyesha mpaka kuta za nyumba zikatoa ukungu mweupe kama ndevu, barabara ikawa uji, na malori yakawa yanakaa pale mpaka dereva aone jua.

Mchana mmoja mvua ilipopumzika waliingia mwanamume na mwanamke, wote wamenyolewa vichwa, kichwa cha mwanamke kinang'aa kama kibuyu. Mwanamume alijitaja Gwasa. Mwanamke alikuwa shemeji yake, Skola, mjane wa mdogo wake Yohana. Huyo Yohana alikuwa ameshuka ziwani kuvua dagaa, upepo ukachukua mtumbwi wao, mwili haukuonekana. Sasa kwao mtu asiyeonekana mwili haachwi hivi hivi, roho itazunguka. Wanazika shina la mgomba, wamelivika nguo yake, wakalililia kwa jina lake. Gwasa ndiye aliyelizika, na sasa walikuwa wanatoka Katonga, wamenyolewa ufukweni na kuyaaga maji, msiba umekwisha. Habari hizo zote bibi alizipata kabla hata hawajakauka miguu. Alikuwa na kipaji cha kuuliza, mimi nimerithi.

Lori lilikuwepo limeegeshwa, dereva na utingo wake wanacheza bao. Sinia likaletwa. Wageni walikuwa wamenawa, mikono inadondosha maji, ndipo mtu akasimama kwenye ngazi ya baraza. Mrefu, mwembamba, amevaa koti la mvua la Kikongo lisilo na vifungo. Alisema, "Hodi wenyewe," kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeongea asimwamshe mtoto. Bibi akamkaribisha kwa mazoea yake, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Skola akainua macho. Hakupiga kelele. Gwasa ndiye aliyesema "Yebaba we!" na kurudi nyuma mpaka akakalia kinu.

"Kaka," yule mtu akasema, "mbona umenyoa?"

Nakumbuka kuku walikuwa uvunguni mwa benchi, nao wakanyamaza, labda ilikuwa mvua inarudi tu, lakini mimi mtoto nilisikia ule ukimya ukiingia barazani kama mtu wa pili. Akaanza kueleza mwenyewe. Upepo uliwatupa ng'ambo, Kongo. Wenzake walikufa. Yeye akaokotwa, akaugua kwa watu asiowajua, miezi hana kauli. "Kulikuwa na siku moja," akasema, "nilisikia mnaniita. Halafu nikasikia harufu ya udongo, kifua kikawa kizito, siwezi kujigeuza. Nikajua huko nyumbani mmenifanya kitu."

"Tumekuzika," Gwasa akasema.

"Mmezika nini?"

"Mgomba."

"Basi kauchimbueni, mimi niende zangu nyumbani kwa mke wangu."

Utingo akacheka, akamuuliza dereva, "Bosi, huyu tunampakia kama abiria au kama maiti?" Dereva alimpiga kofi la kisogo, akaacha bao, akaenda kusimama karibu na lori lake. Na hapo ndipo penye jambo, msilipite. Aliyezikwa hivyo akirudi, hawezi kuingia kwake wala kula na ndugu mpaka mgomba utolewe, na anautoa yule yule aliyeuzika, kwa mkono wake. Lakini wanasema pia kaburi likifumuliwa halikubali kubaki tupu. Linadai. Na linaanza kumdai aliyelifumua. Gwasa alikuwa na watoto wadogo wengi. Nilimwona bado amekalia kinu, mtu mzima mwenye mikono kama mipini ya jembe, na sikumwona mbaya. Hata leo simwoni mbaya.

Akasema, "Wewe si ndugu yangu. Wewe umevaa sura yake tu."

"Kaka, nitazame."

"Nimekutazama. Ndiyo maana nasema."

Skola akamgeukia yule mtu na kuuliza, "Siku ya kuzika, mimi nililia nikisema nini?"

Yule mtu akafikiri. Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye koti. Akasema, "Hukulia. Wote waliniita, wewe sikukusikia."

Nywele zilinisimama, na niliona za bibi pia mikononi. Gwasa akaruka, "Mmesikia? Angejuaje kama hakuwamo kaburini? Huyu ni mzimu!" Skola naye akasema polepole, kama anayepima unga, "Mume wangu anajua silii mbele za watu. Mwingine angesema nililia." Neno lile lile moja, shemeji mmoja analiona kaburi, mwingine analiona godoro lake. Halafu akaongeza, "Na mgomba wako, shemeji, umechipua. Mgomba wa kuzika hukatwa juu ya tunguu, lile bonge la mizizi, ili ufe. Wewe uliung'oa na tunguu lake. Uliharakisha. Majani nimeyaona, nawe umeyaona." Gwasa akatazama chini. Nadhani hilo ndilo lililomtisha tangu mwanzo, kwamba kule nyumbani kaburi lilikuwa tayari limeanza kuota.

Dereva akawasha lori. Gwasa akapanda haraka, akamwita Skola mara ya kwanza kwa ukali, mara ya pili kwa kubembeleza. Kupanda kulikuwa kubaki na watoto wa ukoo, shamba, nyumba, jina la mjane mwema. Skola alivuta mkeka, akaketi mbele ya sinia lililokwisha kupoa, akamega tonge, akalikwangulia chumvi, akampa yule mtu mkononi. Mtu akala. Akamega la pili, akampa mkewe. Sisi wote tulikuwa tunatazama makoo yao yakimeza. Bibi akanong'ona "Bismillahi," akaketi naye akatia mkono, na lori likaondoka na Gwasa peke yake juu ya magunia.

Hawakurudi bara tena. Walikaa Katonga, wakawa wanaanika dagaa, wakazaa. Gwasa hakuuchimbua ule mgomba, wala hakuukata. Abiria walituambia anaupalilia na kuupandishia udongo kila mvua za kwanza. Na kila mvua za kwanza Yohana alilala siku kadhaa akilalamika kifua kizito. Mimi sisemi hiki kilileta kile. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mengine unayaona bila kuyaelewa. Alizeeka, akafa kitandani, akazikwa Katonga.

Nyumba ya bibi imebomolewa, pamejengwa duka la vipuri vya pikipiki. Barabara ina lami, mabasi yanapita na mapazia yamefungwa, hakuna anayejua nani ameketi nyuma yake. Mgomba hauzikwi ovyo siku hizi. Mtu akichelewa kidogo anapigiwa simu, anasema "nipo", tunaridhika, tunakata. Mwanangu wa mwisho yuko Dar es Salaam. Ananipigia kila Ijumaa, sauti yake ya chini, nzuri, kama ya baba yake. Mwaka huu sijamwona, na wa jana pia. "Mama, mimi nipo, mzima," ananiambia. Nami namjibu, "Mwanangu, sauti nimeisikia. Njoo ule."