Labda Iliyopungua Nguvu

Harufu ya klorini hunirudisha hospitalini, kando ya kitanda cha mdogo wangu, aliyekuwa akiugua kipindupindu. Daktari mgeni alijua Kiingereza tu, na nyumbani kwetu mimi pekee ndiye niliyekisoma shuleni. Alipozungumzia kupona kwa mtoto alisema "might". Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba "may" ni labda, na "might" ni labda iliyopungua nguvu.

"Iko anasema nini?" mama aliuliza, amenibana mkono.

"Anasema atapona."

"Ni kweli, mutoto yangu?"

"Ni kweli, mama."

Mama, ambaye hakuwa ametoka pale kwa siku mbili, akashuka ziwani kufua nguo za mtoto. Kabla hajarudi, mdogo wangu alikata roho mikononi mwangu.

Mpaka leo mama hajaniuliza daktari alisema neno gani.