Fundi anayebandua stika zake mwenyewe

Saa moja asubuhi, mjini Nachingwea. Kabla hajawasha mashine hata moja, Makrina Chinguile anachovya kitambaa kwenye kifuniko chenye mafuta ya taa na kuanza kusugua mgongo wa kompyuta mpakato iliyolazwa mezani. Anasugua stika ya kijani yenye picha ya ngao mpaka gundi inalegea, kisha anaingiza ukucha wa kidole gumba na kuvuta. Stika inakatika katikati. Kipande kilichobaki kinasomeka "LINDWA".

"Gundi nzuri hii," anasema bila kucheka. "Nilikwenda Masasi mwenyewe kuichagua. Nikawaambia nataka isiyobanduka."

Zilichapwa stika mia tano, kila moja ikiwa na neno moja tu: IMELINDWA. Hadi asubuhi hii Makrina amebandua mia moja na kumi na tisa. Nyingine zinatembea na wenyewe, huko Ruangwa, Chinongwe, Mbwemkuru, na kwingine asikokujua, migongoni mwa kompyuta za wanafunzi.

Makrina ana miaka arobaini na mmoja, na kumi na minne kati ya hiyo ameimaliza katika ufundi wa kompyuta. Chumba chake kina meza mbili, feni moja isiyogeuka shingo na rafu ya mashine zinazosubiri vipuri. Wateja wake wakubwa ni wanafunzi wa vyuo, hasa wa ualimu. Mara mbili kwa wiki hufunga chumba, hubeba begi lake na kupanda basi kwenda kuwahudumia wa Ruangwa.

Hajakausha mikono, mteja wa kwanza anaingia. Ni Teddy, binti wa mwaka wa kwanza chuoni, kompyuta yake bado iko ndani ya nailoni ya dukani.

"Shikamoo, anti. Nataka unipigie windo mashine iwake, na uniwekee programu zote, kama za rafiki yangu."

"Marahaba, mwanangu. Kazi zako utakuwa unaziweka wapi pengine?"

"Si humuhumu?"

"Na ikifa?"

"Ife vipi, anti, na mpya hii!"

Makrina anavuta kiti na kuanza somo lake, lile lile analolitoa kwa kila anayevuka kizingiti. Programu ya kuandikia atamwekea ya bure na ya halali. Sura yake si ile waliyoizoea chuoni, lakini inafungua mafaili yale yale. Ulinzi dhidi ya virusi umekuja na mashine yenyewe, haununuliwi, ila usizimwe kamwe hata akitokea fundi wa kusema uzimwe kidogo tu. Na kila wiki mashine iachwe ijisasishe.

"Inakula bando hiyo, anti."

"Itakula. Ndiyo maana nakwambia njoo nayo Jumamosi, usasishie hapa kwangu. Sikutozi."

Teddy anaitazama programu ya bure kwenye skrini kama mtu aliyepelekewa mboga asiyoiagiza. Kisha anauliza kilichomleta hasa. "Na stika?"

"Stika sitoi siku hizi."

"Baba kasema nisirudi nyumbani bila stika."

Makrina anamrudishia kompyuta yake. Ng'ambo ya barabara yuko fundi mwingine, kijana, mwenye stika za kijani alizoiga kutoka kwa Makrina, ngao kwa ngao. Haipiti nusu saa, Teddy anapita tena mlangoni, kompyuta kwapani, mgongo wake unang'aa kijani.

"Umeona?" Makrina anamuuliza mwandishi wa makala haya. "Ugonjwa niliuleta mimi. Sasa nauza dawa, hakuna anayeitaka."

Msimu wa kuuza mazao ndio uliokuwa msimu wake pia. Minada ya ufuta na korosho ikishalipa, wazazi walikuja na watoto wao, kompyuta ikiwa imefungwa kwa kanga. Siku nzuri alipokea kumi na mbili, kila moja shilingi elfu kumi na tano. Leo akipata nne anashukuru, na miezi mitatu iliyopita ilibidi auze pikipiki yake.

Wale wazazi, anasimulia, hawakuwa na haja ya kujua kilichomo ndani. Walitaka kitu cha kuonekana. Mtu amelima tangu Desemba, ameuza gunia, amenunua dude lisilopikika wala kuvalika. Anataka aambiwe kwa macho kwamba liko salama. Makrina akafikiria stika. Ikapendwa mno. Wapo waliokataa kuondoka mpaka waione imebandikwa, na wapo waliorudi kuomba ya pili ibandikwe na kwenye televisheni.

Na ndani mle mlikuwa na nini?

Makrina haoni aibu kujibu siku hizi, au pengine aibu imemzoea. Wanafunzi walitaka programu ya kuandikia ile ya kulipia, na hakuna aliyekuwa na pesa za kuilipia. Kwa hiyo aliiweka ya wizi, pamoja na kijiprogramu cha kuvunja kufuli lake. Kijiprogramu hicho, kila kikiingizwa, ulinzi wa mashine ulikikamata na kupiga kelele kwamba ni kirusi. Makrina alifanya walivyofanya mafundi wote anaowajua. Aliuzima ulinzi ili kazi iende, na hakuuwasha tena kwa sababu ukiwashwa ungeifuta ile kazi.

"Nilizima ulinzi, nikafunga kifuniko, halafu juu yake nikabandika IMELINDWA," anasema. "Kwa mkono huu. Nikalainisha na kidole isiwe na mapovu."

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa sita, mzee mmoja wa Matambarale aitwaye Bakary aliingia chumbani humo na bintiye Zuena, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ualimu. Kompyuta ilikuwa imenunuliwa kwa ufuta wa msimu mzima. Mzee Bakary Kiswahili anakizungumza kwa kukipima, maana lugha yake ni Kimwera, na kusoma hajui. Alipitisha kidole juu ya stika na kuuliza, "Hapa pameandikwaje, fundi?"

"Imelindwa, mzee wangu."

"Basi."

Zuena ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Alikuwa anaandika utafiti wake wa kumalizia chuo, kuhusu watoto wanaokosa shule wakati wa mavuno ya ufuta. Alikuwa amezunguka kaya sitini na mbili kwa miguu. Akamwomba Makrina amuuzie flashi ya kuhifadhia nakala, na tayari alikuwa ameshika elfu kumi na mbili mkononi.

Hapa Makrina anachezea kitambaa chake. Kisha anatamka maneno aliyomjibu yule binti, taratibu, kama anayasoma mahali. "Nilimwambia, ya nini kupoteza hela, mwanangu? Imelindwa hiyo."

Wiki tatu baadaye kile kijiprogramu cha kuvunja kufuli kilionesha kilikuja kufanya nini. Kilikuwa na kirusi tumboni. Katika mashine kumi na moja alizozihudumia mwezi ule, mafaili yote yalibadilika majina na kugoma kufunguka, na kwenye skrini ukabaki ujumbe wa Kiingereza ukidai karibu dola elfu moja ili yafunguliwe. Wanafunzi kumi walipoteza picha, nyimbo na notsi zinazoweza kunakiliwa tena. Zuena alipoteza utafiti, siku sita kabla ya kuukabidhi. Karatasi alizojaza kwa mkono kule kijijini zilikuwa zimeshatumika kuwashia moto jikoni kwao, kwani nani azitunze na kazi iko kwenye kompyuta?

Chuo kilimwambia arudie mwaka. Pesa si kitu pekee kilichomzuia. Alipomweleza baba yake kwamba kazi imepotea, mzee aliigeuza kompyuta, akaitazama stika, akamtazama binti yake. Imelindwa, alisema. Kilicholindwa kinapoteaje? Akahitimisha kwamba hapakuwa na kazi yoyote, kwamba binti alikuwa mjini akila starehe na sasa anatafuta pa kusingizia. Hakumpiga wala hakumfokea. Alimwambia tu achukue jembe.

Makrina aliyajua yote haya. Zuena mwenyewe alimweleza siku alipoiacha kompyuta ijaribiwe kufunguliwa, na akamwomba kitu kimoja: aende Matambarale akamweleze baba yake ukweli. Makrina akasema atakwenda. Hakwenda msimu ule, wala uliofuata.

"Niliogopa," anasema. "Ningemwambia mzee yule stika ni uongo, kesho yake ingejulikana Ruangwa nzima. Ningekula nini? Nikamwacha mtoto wa mwenzangu aitwe mwongo ili mimi niendelee kupiga windo."

Miezi sita iliyopita alianza kubandua. Hawezi kueleza vizuri kilichomsukuma siku ile hasa, ila anasema kompyuta ya Zuena ilikuwa kwenye rafu, stika ikimwangalia, na hakuweza tena kula akiwa chumbani. Akaacha programu za wizi, na wateja nao wakamwacha. Lakini safari ya Matambarale, iliyokuwa ndogo kuliko hayo yote, aliendelea kuipiga chenga mpaka leo, Jumanne.

Anaifuta kompyuta ya Zuena vumbi. Ndani ameisafisha upya, programu halali, ulinzi uko macho na umesasishwa. Ameweka na flashi mbili mpya. Mafaili yaliyofungwa hajayafuta. Yako kwenye folda yake, kwa sababu hutokea funguo za virusi vya aina hii zikapatikana baada ya miaka, na kila mwisho wa mwezi yeye hutazama kama zimetoka. Hazijatoka. Stika ya mashine hii hajaigusa. Anasema hiyo ataibandua mbele ya mwenyewe.

Kutoka Nachingwea ni basi hadi Ruangwa mjini, kisha bodaboda. Mwandishi anafuatana naye. Matambarale wanavuna, ufuta umesimamishwa mashambani kwa mafungu yaliyofungwa, unakauka. Zuena yuko uani, anapepeta kwa ungo. Ana miaka ishirini na minne sasa. Anamwona mgeni, anaona na begi, na ungo hausimami.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo?"

Mzee Bakary anatoka na mkeka, anaukung'uta, anawakaribisha. Makrina hakai. Anasema akiwa amesimama, kwa Kiswahili chepesi, jinsi alivyozima ulinzi, jinsi alivyobandika stika, jinsi alivyomzuia binti kununua flashi. Anasema kazi ilikuwepo, aliiona kwa macho yake, kurasa arobaini na moja. Anasema, "Mtoto wako hakukudanganya, mzee wangu. Aliyekudanganya ni mimi."

Uani inasikika sauti ya ungo tu.

"Nilikuamini wewe," mzee anasema. "Mtu wa kupita njia. Huyu nimemzaa mie, nikamwita mwongo."

Anamwambia bintiye jambo kwa Kimwera, fupi, bila kumtazama usoni. Zuena anaweka ungo chini. Anajifuta macho kwa kiganja, anabaki na punje za ufuta shavuni, kisha anamgeukia Makrina, na sauti yake haina ukali wowote, jambo ambalo Makrina atasema baadaye lilimuumiza kuliko tusi.

"Ungekuja mwaka juzi, anti."

Makrina anachukua kitambaa na kichupa cha mafuta ya taa kutoka kwenye begi, anapiga magoti mkekani kuanza kusugua. Mzee Bakary anaweka mkono juu ya kompyuta.

"Iache."

"Mzee wangu, ni ya uongo hii. Inanichoma."

"Ndiyo iache. Ikuchome. Na mie nataka niwe naiona."

Chuo kimekubali kumpokea Zuena arudie mwaka, ila mwisho wa kujiandikisha ni mwezi wa nane. Makrina alikwenda kuuliza mwenyewe. Ameahidi kumpa chumba cha nyuma alale bure mwaka mzima, na kukaa naye akiandika upya, kaya kwa kaya. Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alisema ufuta kwanza uuzwe, na kwamba safari hii ataulizwa binti mwenyewe kama anataka. Binti alikuwa amesharudi kwenye ungo wake.

Jioni, stendi ya Ruangwa, Makrina anangoja basi na begi lililopungua uzito. Anaulizwa ana matumaini gani na kazi hii.

"Zile nyingine nitazibandua mimi, hata kama itanichukua miaka kumi, hata hizo za jirani yangu nikipata," anasema. "Lakini ile moja natamani niishi nimwone yule mzee anaingia na Zuena kwenye mahafali, halafu aje kwangu aibandue yeye. Ukucha wake mwenyewe. Mimi nitamshikia mafuta ya taa."

Basi linaingia. Anatazama vidole vyake, vya kijani kwenye kucha, na kuvifuta kwenye kanga. Rangi haitoki.