Mwaka Maboga ya Mwalimu Yalipogoma

Juzi nilipanda hadi Kebirigo kumzika mwalimu wangu wa darasa la sita. Usinipe pole, rafiki yangu. Nilikwenda kuhakikisha. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikaketi chini ya turubai pamoja na wazee wenzangu, nikasikiliza watu wakimsifu. Mara alikuwa baba wa wote, mara mpole, mara mlezi wa watoto wa watu. Kila sifa ilinipanda kooni kama kiungulia. Kisha mwenye kuongoza shughuli akauliza kama yupo mwanafunzi wake wa zamani mwenye neno. Nikainuka, nikajikongoja kuelekea kwenye kipaza sauti. Neno ninalo, tena nimelihifadhi tangu utotoni.

Lakini ili ulielewe neno hilo, sharti nikurudishe kwenye miaka ile ya sitini ikielekea ukingoni, wakati vilima vyetu vilipokuwa vyeupe kwa maua ya pareto. Tuliamka ukungu ungali umelala bondeni. Tulikunywa uji wa wimbi wenye uchachu wa kupendeza, tukashuka mtoni kuteka maji, ndipo tukapanda shule. Jioni, mikeka ya pareto iliyoanikwa uani ilitoa harufu kali iliyokaa kwenye nguo hata baada ya kufua. Hadi leo nikiisikia mahali, mgongo huniuma, maana niliinama sana kuyachuma maua yale. Utajua kwa nini.

Mwalimu aliishi ndani ya ua wa shule. Kando ya nyumba yake alikuwa na shamba la maboga, amelizungushia uzio wa miti, na kila Ijumaa ilikuwa kazi yetu kumbebea samadi kutoka kwenye mazizi ya wazazi wetu. Maboga yake yalikuwa makubwa na ya manjano iliyokolea. Siku ya sadaka ya mavuno aliyapanga mbele ya kanisa, naye akasimama kando yake huku ameweka mikono nyuma. Tulijua mgongo wa nani ulibeba samadi ile, lakini nani angesema?

Halafu alikuwa wa ukoo wetu. Baba yake na babu yangu walitoka tumbo moja, kwa hiyo kwetu alikuwa tata, baba yangu. Kwa Mkisii hilo si jambo dogo. Tuna kitu tunachokiita chinsoni, haya za ukoo. Mtu wa kizazi cha baba yako hutaji mbele yake jambo lolote linalohusu mume na mke, wala yeye hataji mbele yako, hata kwa mzaha. Mama na mwanawe wa kiume vilevile. Bibi na mjukuu ndio walioachiwa mlango wazi wa kusema chochote, na bibi yangu aliutumia mlango huo mchana kutwa.

Siku moja mwalimu akatuagiza kila mtu aje na ua la boga, tujifunze sehemu zake. Asubuhi darasa likang'aa kwa manjano. Wenzangu karibu wote walileta maua yenye bua refu, kwa sababu nyumbani walikuwa wamezoea kugombezwa wakigusa yale mengine. Mimi nilichuma gizagiza, nikaleta lenye bua fupi na kiboga kidogo cha duara chini yake, mfano wa shanga ya kijani. Mwalimu alichora ua ubaoni kwa chaki za rangi, na nakiri alichora vizuri. Akataja petali, akataja sepali. Akatuamuru tuingize kidole katikati ya ua tuone unga wa manjano, chavua. Akasema bila unga huo hakuna mbegu, na bila mbegu hakuna boga.

Kila mtu alitoa kidole cha manjano. Changu kilitoka kikavu. Nikainua mkono.

"Mwalimu, hii yangu haina unga. Iko na kiboga. Sasa unga ya wengine inaingia huku namna gani?"

Rafiki yangu, niliuliza kwa moyo mweupe. Nilitaka kujua tu. Lakini mwalimu alisimama pale na chaki mkononi, na binti yake mwenyewe amekaa dawati la mbele, na nusu ya darasa ni watoto wake wa kiukoo, akaona mtego. Mvulana mmoja wa nyuma akaguna kicheko. Mwalimu alikuwa mtu aliyeogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa radi. Akaufuta ubao wote kwa kiganja, maua na majani yake.

"Nani amekutuma?" akaniuliza.

"Hakuna, mwalimu."

Alinichapa mbele ya darasa, kisha akalitunga ua langu kwenye uzi, akanivisha shingoni, akanisimamisha kwenye mlingoti wa bendera. Nilisimama pale jua likipanda, ua likinyauka kifuani, madarasa yote yakitoka mapumziko kunitazama. Wakanipachika jina la Kiboga. Wapo wanaoniita hivyo hadi leo, wakidhani ni jina la mapenzi.

Akanifukuza nisirudi. Jioni akampata baba sokoni, akamwambia mtoto wake ametamka maneno ya mume na mke mbele ya mwalimu. Ni hayo tu aliyosema, na yalitosha kunimaliza, kwa kuwa baba hangeweza kuniuliza ni maneno gani. Angeulizaje? Nami ningejibuje? Nilihukumiwa bila mtu kulitaja kosa langu. Baba hakunitazama usoni. Alimwambia mama, "Mpe kikapu cha pareto. Shule imekwisha."

Darasa la saba lilikuwa mwaka uliofuata, na mtihani wake ndio uliokuwa lango la kila kitu. Wasichana waliobaki nyumbani katika umri wangu nilijua walikoishia. Nilichuma pareto huku nikisikia kengele ya shule kule juu, na kila ilipolia nilimlaani mwalimu kwa jina lake kamili.

Bibi peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuniuliza. Tulikuwa jikoni kwake tukimenya risosa, majani ya maboga, ukivuta ule uzi wa nje ya bua mpaka liwe laini. "Ulisema nini huko shuleni, wewe mke mwenzangu?" Nikamweleza. Alicheka hadi akakohoa, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Lenye bua refu ni dume," akasema. "Lenye kiboga ni jike. Nyuki ndiye mshenga. Ukiwaondoa wanaume wote kijijini, wanawake watachanua bure." Akaendelea kumenya risosa zake.

Mimi niliacha kumenya. Dawa ya moto ni moto.

Njia ya mtoni ilipita kando ya uzio wa mwalimu. Kuanzia kesho yake nilitangulia wenzangu kwenda maji, kabla nyuki hawajaamka. Niliingiza mkono kati ya miti ya uzio, na pale ambapo mkono haukufika niliingia mwenyewe. Nilichuma maua yenye bua refu, yote, yaliyofunguka na yaliyokuwa karibu kufunguka. Yale yenye kiboga sikuyagusa hata kwa ukucha. Niliyafunga maua kwenye majani ya mgomba, nikampelekea bibi, naye akayapika pamoja na risosa kwa maziwa. Hakuuliza yametoka wapi. Alisema tu, "Msimu huu maua ni matamu." Nami nilikula nikaona kweli, ni matamu ajabu.

Viboga vya mwalimu vilianza kugeuka manjano vikiwa vidogo, vikalainika, vikaanguka. Shamba lilijaa majani mapana na maua ya kupendeza, lakini boga hakuna. Alimwaga majivu. Aliwatega fuko. Akamwita mchungaji aombee shamba, nami nikasimama njiani na debe langu kichwani, nikaitikia amina kwa sauti. Siku ya mavuno alipeleka kanisani maboga mawili, moja limepinda shingo, na akinamama wakaulizana kwa kunong'ona kama samadi ya mwaka ule ilikuwa ya punda. Furaha niliyoisikia siku ile sijapata kuisikia tena, hata siku ya harusi yangu.

Bila shaka mwishowe aligundua. Alikuwa mtu wa kusoma, akaona mabua yaliyokatwa, akakumbuka njia ya maji hupita wapi. Akaja nyumbani jioni moja amevaa koti. Baba akampa kigoda. Bibi alikuwa mlangoni pa jiko lake, nami nilikuwa nimepiga magoti nikisaga wimbi.

"Ndugu yangu," mwalimu akaanza, "mtoto huyu ameniharibia maboga."

"Aliyaiba?" baba akauliza.

"Hapana. Hayakutoka ya kuibwa."

"Aling'oa mashina?"

"Mashina yapo."

"Alichuma maua? Mbona jana nimepita nikaona shamba limejaa maua?"

"Yapo," mwalimu akasema. "Lakini si yale."

"Yale yapi?"

Mwalimu akafungua kinywa. Akanitazama mimi, binti yake wa kiukoo. Akamtazama bibi, ambaye kwake alikuwa mama. Akakifunga kinywa. Bibi akasogea mbele hatua moja, mpole kama maji ya mtungini. "Kwani kuna maua ya namna ngapi, mwanangu? Tuambie. Yana tofauti gani?"

Nilisikia jiwe la kusagia limenyamaza, nikagundua ni mimi niliyeacha kusaga. Jasho lilimtoka mwalimu kwenye paji la uso, licha ya baridi ile ya jioni. Aliomba maji ya kunywa. Alipomaliza, bibi akapokea kikombe, akasema, "Mara ya kwanza ulileta kosa lisilotajika, mtoto akafukuzwa. Leo umeleta la pili, nalo halitajiki. Sisi tumechoka na makosa yasiyo na jina. Kesho mtoto yuko shule."

Baba aliitazama miguu yake. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, ingawa hakusema kamwe. "Kesho yuko shule," akarudia.

Nilirudi. Mwalimu hakuniita tena kwa jina wala hakunichagua kujibu swali, na lile somo la ua hakulimalizia. Nilifaulu bila yeye. Baadaye nikawa mwalimu mwenyewe, huku Kiogoro, na kila mwaka nililifundisha ua la boga kwa sauti ya kusikika barabarani, dume kwa jina lake na jike kwa jina lake.

Basi juzi nikakishika kipaza sauti. Sanduku lake liko mbele yangu, limefunikwa kwa maua ya plastiki. Pembeni wameketi wakwe, wana, mabinti, vitukuu. Nikasema yote. Nikaeleza uzi shingoni na mlingoti. Nikaeleza bua refu na bua fupi, chavua inavyoingia katika jike, na jinsi nilivyowachuma madume wake wote hadi akaaibika kanisani. Nilichagua maneno yaliyo wazi kabisa, yale ambayo zamani yangewafanya watu wa rika lake wakimbilie mgombani.

Hakuna aliyeinamisha uso. Vijana walinirekodi kwa simu. Wajukuu zake walicheka mbele ya baba zao, na baba zao wakacheka mbele ya wakwe, wakapiga makofi, wakasema nyanya huyu ana vituko. Binti yake, yule wa dawati la mbele, alinikumbatia akaniambia, "Kiboga, umetuchangamsha."

Nilirudi kwenye kiti changu. Nilikuwa nimeutunza wembe ule miaka yote, na nilipoutoa nikakuta hakuna ngozi ya kukata. Haya zimekwisha, rafiki yangu. Zimekwenda na pareto, na uji wa uchachu, na bibi yangu. Katika umati ule wote alikuwepo mtu mmoja tu ambaye maneno yangu yangemuua, naye alikuwa ameshakufa.